Kiswahili hakina ngeli ya matajiri

Kuna jibu moja ambalo vijana wetu siku hizi wamelifanya dawa ya kila ugonjwa. Ukilalamika kwamba karani wa ofisi fulani amekuzungumzia kama mtoto mdogo, utaambiwa: tafuta pesa. Ukisema shemeji yako amekudharau mbele ya wageni: tafuta pesa. Ukishangaa kwa nini mzee wa miaka themanini amesimama juani matangani huku kijana aliyeshuka kwenye gari kubwa akivutiwa kiti cha mbele, jibu ni lilo hilo: tafuta pesa, mzee! Maneno ni mawili tu, lakini yamebeba falsafa nzima. Yanadai kwamba heshima ni bidhaa, pesa ndiyo bei yake, na asiye nazo asisumbue watu kwa malalamiko.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliitetea kauli hiyo darasani kwa sentensi moja: "Prof, utu haulipi kodi ya nyumba." Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu hoja yake ni nzito na hailingani na mahubiri ambayo sisi wazee huwa tunayatoa kwa wepesi, hasa sisi ambao mshahara wetu huingia kila mwisho wa mwezi. Kijana anayelala njaa hahitaji kuambiwa kwamba pesa si kitu. Anajua ni kitu. Anastahili jibu linaloipokea njaa yake kwanza.

Leo nataka kulijibu swali lake kwa nyenzo niliyo nayo, yaani lugha yenyewe na baadhi ya maandishi yake. Msimamo wangu nautaja mapema ili nisimzungushe msomaji. Utu una uzito kuliko pesa. Lakini anayeutamka ukweli huo huku akimnyima mwenzake ujira wake anautusi utu uleule anaodai kuutetea.

Tuanze na neno fedha. Mitaani husemwa kwamba fedha ni fedheha, na wengi huamini kwamba maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Si ndugu. Yote yametufikia kutoka Kiarabu, ila kwa mashina tofauti. Fedha ni fidha, madini yale meupe yanayong'aa ambayo sonara hufulia pete na bangili. Fedheha ni fadhiha, aibu iliyoanikwa mbele ya watu. Kilichoyakutanisha ni mlio tu. Ninalitaja hili makusudi, kwa maana wapo wanaoutetea utu kwa kuzilaani pesa kana kwamba ni najisi. Pesa hazina aibu yoyote ndani yake. Zimesomesha watoto, zimenunua dawa, zimezika wazee wetu kwa sanda safi. Fedheha hutoka kwa mtu, katika namna anavyozitafuta na anavyozitumia.

Tazama pia bei na thamani. Kwa Kiarabu, bei ni mauzo, na thamani ni kiasi anacholipa mnunuzi. Kwa maneno mengine, thamani nayo ilikuwa neno la sokoni. Kiswahili kilipoyapokea kikayagawia kazi. Bei kikaiacha sokoni inyeshewe na mvua pamoja na nyanya na vitunguu. Thamani kikaipandisha cheo. Ndiyo maana twaweza kusema picha ya marehemu nyanya haina bei ila ina thamani kubwa, na kila msikilizaji akaelewa. Twauliza bei ya ng'ombe. Hatuulizi bei ya mama. Hata katika mahari, ambako mali hutoka mkono mmoja ikaingia mwingine, anayetamka neno bei huambiwa papo hapo afunge mdomo wake. Wasemaji wa lugha hii waliona mapema kwamba kuna kipimo cha pili kando ya mizani ya sokoni.

Kipimo hicho ndicho utu. Hebu tulitazame neno lenyewe lilivyoundwa. Mzizi ni -tu. Ukiuvika kiambishi m- unapata mtu. Ukiuvika ki- unapata kitu. Ukiuvika u- unapata utu. Mzizi ni mmoja, na tofauti kati ya binadamu na sufuria ni kiambishi kimoja kifupi. Umbali ni mdogo mno! Sidhani waliotangulia walikusudia kutuonya, kwa sababu lugha haikai kikao ikapitisha maazimio. Hata hivyo onyo lipo. Mtu anaweza kugeuzwa kitu kwa urahisi kama ulimi unavyobadilisha silabi.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo walimu wa Kiswahili hulifundisha kila mwaka bila kusimama walitafakari. Ngeli ya A-WA ni ngeli ya viumbe wenye uhai. Yapo majina mengi ya watu yaliyovaa nguo za ngeli nyingine, hasa ki-: kijana, kiongozi, kipofu, kiziwi, kiwete. Kwa umbo yangepaswa kufuata upatanisho wa kisu na kikombe. Lakini mwanafunzi akiandika "kipofu kimefika," mwalimu atachora mstari mwekundu. Jibu sahihi ni "kipofu amefika." Jina linaweza kumvisha mtu vazi la kitu, ila kitenzi kinamrudishia kiti chake. Ukisema "kijitu kile kimekuja," sarufi inakuruhusu, lakini kila anayekusikia anajua kwamba umetukana na kwamba ulikusudia kutukana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kibarua. Neno hili ni udogo wa barua. Pwani yetu na visiwani, aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi, na kwa kijikaratasi hicho akalipwa. Polepole mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake. Huo ulikuwa ufinyu mkubwa wa hadhi, binadamu mzima kupewa jina la risiti! Lakini angalia sarufi ilivyofanya. Tukizungumzia kazi, twasema "kibarua chake kimeota nyasi." Tukimzungumzia mtu, twasema "kibarua amelala njaa." Neno ni lilelile, ila upatanisho unakataa kumchanganya mtu na kazi yake. Kazi inaweza kuota nyasi. Mtu haoti nyasi. Aliyefutwa kazi jana na hana hata nauli bado ni a-, sawasawa na aliyemfuta. Tajiri amekuja. Maskini amekuja. Nimeifundisha sarufi hii kwa miongo kadhaa na sijaona popote ngeli iliyotengewa matajiri.

Wakoloni waliyaelewa haya kwa njia yao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kubeba kipande, hati ya usajili iliyotiwa katika kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake palikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na kiasi cha ujira. Wapo waliokifananisha na kengele ya mbuzi, na hawakukosea. Mtu mzima mwenye wake na watoto alitembea akiwa amevaa bei yake shingoni. Na hadi leo, zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru, Wakenya wengi bado hukiita kitambulisho cha taifa kipande.

Hapa historia inamjibu yule mwanafunzi wangu vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Harry Thuku na wenzake walipoanza kuwakusanya watu mjini Nairobi mwaka 1921, malalamiko yao yalikuwa gani? Walipinga kupunguzwa kwa mishahara, walipinga kodi, na walipinga kipande. Hawakusema tupeni pesa mkae na heshima yenu, wala hawakusema tuachieni heshima mkae na pesa zenu. Walidai yote kwa pumzi moja. Thuku alipokamatwa Machi 1922 na umati ukakusanyika kumdai, risasi zilifyatuliwa na watu wakafa, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Watu hao hawakupewa shilingi ili wasimame pale. Walisimama kwa sababu waliona mtu wao amefanywa kitu.

Nisije nikaonekana kukipaka Kiswahili mafuta kwa mgongo wa chupa, niseme pia kwamba lugha hii haina mikono safi moja kwa moja. Chukua neno muungwana. Katika miji ya kale ya pwani, Pate, Lamu na Mombasa, muungwana hakuwa mtu mwenye tabia njema. Alikuwa mtu huru, mwenye nasaba inayojulikana, mara nyingi mwenye jumba la mawe na watumwa wa kumtumikia. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Uungwana ulirithiwa kama shamba, na aliyezaliwa nje yake hakuupata hata angekuwa mpole kama njiwa. Utumwa ulipoondolewa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, neno hili lilikuwa bado limejaa harufu ya nasaba na mali.

Lakini leo tunasemaje? Twasema uungwana ni vitendo. Twamwambia makanga aliyemrudishia abiria pochi yake iliyodondoka, "Asante, wewe ni muungwana kweli," wala hatumuulizi babu yake alikuwa nani. Neno lililokuwa uzio wa tabaka limegeuka kipimo cha mwenendo. Nasaba imedondoka njiani, na mali imedondoka njiani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliwahi kuyatazama magofu ya Pate katika Al-Inkishafi na kuuliza walikokwenda matajiri waliojaza kumbi zile. Tungeweza kumjibu kwamba wao wamekwenda, majumba yao yamekwenda, na kitu kimoja kilichosalia ni jina lao, ambalo sasa anaweza kulivaa mtu yeyote anayejiheshimu na kuheshimu wenzake.

Sasa linganisha na mheshimiwa. Safari ya neno hili imekwenda upande wa pili. Heshima ni hishma ya Waarabu, neno lenye maana ya haya na staha. Mwenye heshima, kwa asili ya neno, ni mtu mwenye kuona haya. Sijui wangapi kati ya waheshimiwa wetu wangefaulu mtihani huo. Halafu tazama umbo. Mheshimiwa ni kauli ya kutendwa. Ina -w- ndani yake, na kauli ya kutendwa humdai mtenda. Mpendwa ana wanaompenda. Mteuliwa ana waliomteua. Mheshimiwa je, anaheshimiwa na nani, na kwa lipi? Nchini Kenya tumeliachilia swali hilo. Mtu hushinda kura na siku hiyohiyo akawa mheshimiwa, hata kama jana alikuwa akigawa noti za mia mbili nyuma ya maduka. Mitaani tumelifupisha likawa mhesh, na ufupisho wenyewe ni uhakiki tosha, maana heshima yote imekatwa ikabaki mkia.

Basi tuna maneno mawili yaliyopishana njiani. Muungwana alitoka kwenye mali akapanda hadi kwenye mwenendo. Mheshimiwa alitoka kwenye mwenendo akashuka hadi kwenye mali. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi katika kauli ya tafuta pesa. Vijana hawakuibuni. Wameisoma kwetu, katika namna tunavyogawa viti, vipaza sauti na vyeo.

Fasihi yetu imelipigania suala hili kwa muda mrefu, na si kila mara imelipigania vizuri. Shaaban Robert katika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo chake, alimwita mhusika wake kwa jina lenye tasnifu ndani yake: utu bora. Utubora anaacha kazi ya mjini yenye mshahara mzuri, anakataa kushawishiwa abaki, na anakwenda kulima shamba Busutamu. Vizazi vya wanafunzi wamefundishwa kumshangilia, nami nimo miongoni mwa wanaomshangilia. Anaonyesha kwamba mshahara unaweza kukataliwa, na kwamba jembe haliko chini ya kalamu.

Hata hivyo mhakiki ana haki ya kuuliza swali la mwanafunzi wangu: na kodi ya nyumba? Utubora anaiacha kazi, lakini kabla ya kuiacha alikuwa nayo. Ana mahali pa kwenda, ana ardhi ya kulima, na Busutamu, kama jina lake, ni mahali patamu. Je, yule ambaye hana cha kuacha? Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika kwa miaka mingi, akiishi kwa mshahara huohuo ambao mhusika wake anaupa kisogo. Silitaji hili kumsuta mwandishi. Nalitaja kwa sababu ndoto ya karani inaeleweka kama ndoto ya karani. Tukimpa kibarua wa Mukuru au Kongowea riwaya hii na kumwambia aige mfano wa Utubora, tutakuwa tumemdhihaki. Riwaya inatufundisha kwamba pesa zinaweza kushindwa. Haitufundishi jinsi asiye nazo anavyoweza kusimama wima.

Kwa somo hilo la pili naona afadhali tamthilia ya Timothy Arege, Mstahiki Meya, ya mwaka 2009. Jina lenyewe ni kejeli. Mstahiki ni mtu anayestahiki, na meya huyu wa Cheneo hastahiki hata salamu. Zahanati haina dawa, wafanyakazi hawalipwi inavyopasa, naye anaishi kwa anasa akiwa amezungukwa na wanaomsifu. Wafanyakazi wanagoma. Katika madarasa ya sekondari mgomo ule ulielezwa kama mgogoro wa mishahara, na mitihani iliridhika na jibu hilo. Ninaona kuna zaidi. Anayegoma hulipoteza pato la siku zile anazogoma. Kwa hesabu ya tafuta pesa, mgomo ni upumbavu, maana kidogo ulicho nacho unakitia hatarini. Mtu hugoma pale anapoona kwamba kuendelea kupokea kidogo hicho kwa kunyamaza kunamgharimu jambo kubwa kuliko pesa. Madai yake huandikwa kwa shilingi kwa sababu ndiyo lugha ambayo mwajiri anaielewa. Ukiyasoma kwa makini utakuta yameandikwa kwa wino wa utu.

Mtu wa tatu si wa kubuni. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu kilichouliza Kenya ilikuwa ikielekea wapi. Alikaa gerezani miaka 3, na humo alitunga mashairi kwa siri akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakachapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimtia ndani. Moja ya mashairi hayo lina anwani ya neno moja, Siwati, ambalo kwa Kimvita ni siachi. Mfungwa hana mshahara, hana nguo zake, hana hata karatasi. Kila kitu chenye bei amenyang'anywa. Kama pesa ndizo zinazompa mtu heshima, basi gerezani hapangebaki chochote cha kuandikia shairi. Lakini lilibaki neno siwati, na dola yote haikuweza kulipokonya. Baadaye ikaja tuzo yenye jina la kiongozi wa dola hiyohiyo.

Najua nitajibiwa kwa methali, kwa maana Waswahili wana methali ya kila upande. Mkono mtupu haulambwi. Asiye na chake hana lake. Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Wapo wanaozitumia methali hizi kama ushahidi kwamba hata wahenga walikuwa wa mlengo wa tafuta pesa. Naomba tuzisome vizuri. Methali ya maskini haokoti haimtusi maskini. Inawatusi majirani zake. Imerekodi dhuluma, kama karani wa mahakama anavyorekodi kosa bila kulipenda. Aliyeitunga alikuwa upande wa aliyeokota. Kadhalika asiye na chake hana lake ni malalamiko, na malalamiko huwa na maana pale tu ambapo anayelalamika anaamini kwamba mambo yangepaswa kuwa vingine. Na kando yake wahenga hao hao wametuachia hukumu yao: heri lawama kuliko fedheha. Hawakusema heri utajiri kuliko fedheha, wala hawakuona haja ya kuulinganisha.

Ipo methali nyingine ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila jukwaa la mikutano ya hadhara: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Usambe ni usiseme. Siku hizi kutoa kumekuwa picha. Pakiti ya unga wa kilo mbili inamfikia mama mzee ikiwa imetanguliwa na kamera tatu, jina la mfadhili limechapishwa kwenye pakiti, na mama anaombwa atabasamu, ashukuru, arudie kushukuru kwa sababu mara ya kwanza sauti haikunasika vizuri. Unga amepata. Lakini amelipa, na amelipa bei ghali kuliko ya dukani. Dini zetu zinatufundisha kutoa kwa siri hata mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Mafundisho hayo hayamlindi mtoaji peke yake asijivune. Yanamlinda mpokeaji asivuliwe nguo mbele ya halaiki.

Hapa ndipo ninapokutana na mwanafunzi wangu nusu ya njia. Ni kweli utu haulipi kodi ya nyumba. Lakini kwa sababu mtu ana utu, mwingine ana wajibu wa kumlipa ili alipe kodi hiyo. Utu ndio msingi wa deni. Kiti hakina haki ya kulipwa kwa kukaliwa. Mtu ana haki ya kulipwa kwa kufanya kazi kwa kuwa si kiti. Katiba yetu ya 2010 imeyapanga mambo kwa mtindo huu. Kifungu cha 28 kinampa kila mtu heshima ya kuzaliwa nayo na haki ya heshima hiyo kulindwa. Kisha kifungu cha 41 kinazungumzia ujira wa haki, na cha 43 chakula, maji, makao na afya. Utu umetangulia, mkate ukafuata, na mkate umefuata kwa kuwa utu ulikwisha kutajwa. Anayeugeuza mpangilio huo, akasema lete pesa kwanza ndipo tukuone mtu, amepindua sarufi na Katiba kwa pamoja.

Tufanye nini basi? Mimi ni mwalimu wa lugha, kwa hiyo nitapendekeza yaliyo katika uwezo wa ulimi. Mama wa miaka 45 anayekupikia, anayekulelea watoto na anayejua kaya yako kuliko unavyoijua, usimwite "msichana wetu." Wakoloni waliwaita babu zetu boi wakiwa na mvi, nasi bado tuna kina shambaboi na hausigeli majumbani mwetu. Mwite kwa jina lake. Bora zaidi, muulize mwanawe mkubwa anaitwa nani, kisha umwite mama yake fulani kama unavyomwita jirani yako wa ghorofa ya juu. Halafu mwisho wa mwezi mlipe kwa wakati, maana kumwita mama na kumdhulumu ujira ni kumtusi mara mbili.

Matangani, kiti cha mbele apewe mfiwa na mkongwe. Mwenye gari kubwa ana kiti chake garini. Pale pwani na kwa majirani zetu Tanzania, shikamoo hufuata umri. Tajiri kijana humwamkia maskini mzee, na maskini mzee hujibu marahaba bila kutetemeka. Salamu hiyo haijapata kuuliza akaunti ya benki. Sisi wa bara tulio wavivu wa kuamkiana tungejifunza kitu hapo. Na kwa waheshimiwa, nashauri tulirudishe lile -w- kazini. Kila tukilitamka neno hilo, tujiulize mtenda ni nani. Kama hakuna anayemheshimu kwa tendo lolote, jina lake la kuzaliwa linatosha.

Kwa vijana wangu nasema: tafuteni pesa, wala msione haya. Zitafuteni kwa bidii, maana umaskini unauma na hauna sifa yoyote. Ila msikubali kuambiwa kwamba mtaanza kuwa watu siku mtakapozipata. Wahenga walisema maskini na mwanawe, tajiri na mali yake. Wengi huisoma methali hiyo kama faraja ya mnyonge. Mimi naisoma kama maelezo ya jinsi watu wanavyoitwa. Tajiri huitwa kwa alicho nacho: mwenye magari, mwenye majumba, sonko. Siku kikiondoka, jina nalo linaondoka. Maskini huitwa baba fulani, mama fulani, na jina hilo hakuna benki inayoweza kulipiga mnada.